Nyumba za magurudumu zisizotembea

Kaunti ya Elkhart, kaskazini mwa jimbo la Indiana, haina bahari wala mlima wala mbuga ya wanyama. Ni nchi tambarare ya mahindi na soya, makanisa madogo, na vigari vya farasi vya Waamish, Wakristo wanaoshika maisha ya kizamani, vinavyojikokota pembeni mwa lami. Ukiambiwa kwamba zaidi ya asilimia 80 ya nyumba za magurudumu zinazouzwa Marekani zinatoka eneo hili na jirani zake, unaweza kudhani unataniwa. Pita Middlebury, Goshen au Nappanee alfajiri, uone viwanda vilivyopangana kila upande wa barabara na yadi zilizojaa matela meupe, ndipo utaamini.

Mimi kazi yangu ni kuyatoa pale. Nina pikapu ya dizeli, ile yenye tairi nne nyuma, nafunga tela, naliburuza hadi kwa muuzaji, awe Ohio au awe jimbo la Washington kule karibu na Pasifiki, nalikabidhi, narudi mtupu. Malipo ni kwa maili za kwenda tu. Za kurudi ni juu yako na mafuta yako. Wabongo wenzangu wengi waliokimbilia barabarani huku wako kwenye malori makubwa. Mimi nikaangukia kwenye nyumba. Watu wa nyumbani wakiniuliza majuu nabeba boksi gani, nawaambia boksi langu lina vitanda, choo na jiko la gesi.

Faida moja ya kazi hii ni kwamba soko unaliona likigeuka kabla halijaandikwa popote. Unaona unavuta nini, kirefu kiasi gani, kizito kiasi gani, unakipeleka wapi, na ukifika mpokeaji ana sura gani. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiona jambo moja ambalo matangazo ya biashara hii hayalisemi. Kwenye matangazo kuna familia, mlima wenye theluji, mbwa na moto wa kuni. Ukweli ni kwamba matela mengi ninayoyavuta, safari ndefu kuliko zote yatakazowahi kufanya ni hii ninayoyapeleka mimi.

Niwaeleze kwanza vitu vyenyewe, kwa ufupi. Wamarekani huviita vyote RV, na humo wanachanganya mambo mengi. Kuna mabasi makubwa yenye injini, ya wastaafu wenye pesa. Kuna magari ya saizi ya kati yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Kuna vani, za umbo la zile za kupelekea vifurushi, zilizogeuzwa vyumba. Na kuna matela, ambayo ndiyo soko lenyewe: katika kila RV kumi zinazotoka kiwandani, karibu tisa ni za kuvutwa. Baadhi hufungwa kwenye ndoano nyuma ya bampa, na mengine, yale marefu na mazito, hulaza shingo yake ndani ya kichanja cha pikapu, juu ya ekseli. Hayo ya pili ndiyo yanayolipa vizuri, na ndiyo yanayokunyima usingizi upepo ukivuma Wyoming. Kwenye barabara kuu namba 80, karibu na Elk Mountain, kuna siku wanazuia kabisa vyombo virefu vyepesi, na tela jipya halina ndani yake hata sahani. Ni tanga la jahazi, na nahodha ni wewe.

Sasa turudi kwenye soko.

Mwaka 2006 viwanda vilipeleka kwa wauzaji RV kama 390,000. Mwaka 2009 zilikuwa kama 165,000. Elkhart ikawa mfano wa taifa zima wa jinsi mji unavyoweza kuanguka: ukosefu wa ajira ulifika karibu asilimia 20, na Obama, hata wiki tatu hazijaisha tangu aapishwe, akaenda pale Februari 2009 kuzungumza na watu waliopoteza kazi. Wazee wa viwandani bado wanausimulia mwaka ule kwa sauti ya chini, kama watu wa kwetu wanavyosimulia vita vya Kagera na foleni za sukari zilizofuata. Halafu soko likapanda tena hadi kupita 504,000 mwaka 2017, likashuka hadi 406,000 hivi mwaka 2019, na kisha ikaja korona.

Aprili 2020 viwanda vilifungwa na ukosefu wa ajira katika eneo lile ukaruka kupita robo ya nguvukazi yote. Kila mtu alijua 2009 imerudi. Kumbe ilikuwa kinyume. Wiki chache baadaye simu zikaanza kulia: ndege haziaminiki, hoteli haziaminiki, watoto wako nyumbani, ofisi imehamia kwenye kompyuta, na serikali imetuma hundi. Mmarekani akaamua anataka kitanda chake mwenyewe na choo chake mwenyewe, mbali na watu. Mwaka 2021 viwanda vilipeleka RV 600,240, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo.

Ule mwaka hatukulala. Matela yalitoka na mabango ya mauzo tayari yamebandikwa. Mteja alikuwa amelipia kitu ambacho bado ni mbao. Kukawa na uhaba wa kila kitu: friji, sponji za magodoro na makochi, chesi za magari zilizokwama kwa kukosa chipu. Yadi zingine zilijaa matela yaliyokamilika isipokuwa kifaa kimoja, yamesimama yanasubiri meli.

Waamish niliowagusia mwanzo ndio mikono inayojenga sehemu kubwa ya vitu hivi. Imani yao haiwaruhusu kumiliki gari, kwa hiyo mtu anaamka usiku wa manane, anakuja kazini kwa baiskeli au kwa vani ya kukodi anayochangia na wenzake, anaanza kupiga misumari saa kumi na moja au kumi na mbili asubuhi, na mapema mchana anarudi kwenye ng'ombe wake. Wengi wanalipwa kwa kipande. Idadi ya matela yaliyopangwa kwa siku ikitimia, siku imekwisha. Mfumo huu una kasi ya ajabu, na katika mwaka wa kawaida una nidhamu yake. Mwaka 2021 kasi ilishinda nidhamu. Kabla ya kuondoka yadini ni lazima nikague tela: nati za magurudumu, upepo, taa, ngazi, madirisha, na ndani nihakikishe droo zimefungwa kwa utepe zisifunguke njiani. Nilikuwa nafungua mlango harufu ya gundi inanipiga usoni, halafu naona skrubu zimetapakaa sakafuni, vumbi la mbao ndani ya sinki, mlango wa kabati umening'inia kwa bawaba moja. Juu ya paa, pale ambapo lami ya kuziba maji inatakiwa izunguke kila tundu, unakuta pengo la kidole. Tela la namna hiyo linavuja mwaka wa pili, na maji yakishaingia kwenye ukuta wa mbao nyembamba, umekwisha. Wanunuzi wa mwaka ule ndio waliojaza mitandao kwa malalamiko, na sidhani kama walikuwa na kisirani.

Majina ubavuni mwa matela ni mengi ajabu, na mgeni atadhani kuna ushindani mkali. Wenye mali wakubwa ni watatu. Thor, iliyoanza mwaka 1980 kwa kuinunua Airstream, ile yenye umbo la yai la bati, ikaimeza Jayco mwaka 2016 na kampuni ya Kijerumani ya Erwin Hymer mwaka 2019. Forest River ni ya Berkshire Hathaway, himaya ya Warren Buffett, tangu 2005. Winnebago, mzaliwa wa Iowa, nayo ilichukua Grand Design mwaka 2016 na Newmar miaka mitatu baadaye. Ndiyo maana unaweza kukuta matela mawili yenye majina tofauti yanayotukanana kwenye vipeperushi, bomba moja, dirisha moja, jokofu moja.

Nilitaka kufika kwenye kuanguka. Ili uuelewe mwaka 2023, sharti ujue muuzaji anavyoishi. Muuzaji wa RV hanunui tela kwa fedha zake. Benki inamlipia, tela linakaa yadini kwake, na yeye analipa riba hadi siku litakapouzwa. Riba ikiwa karibu na sifuri, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa 2022, yadi iliyojaa ni fahari. Benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha Machi 2022, na kufikia Julai 2023 riba yake ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Tela lile lile lililokuwa fahari likageuka kupe. Na wakati huohuo mnunuzi naye, anayekopa kwa miaka 15 au 20, akapiga hesabu ya marejesho na kufunga daftari.

Nakumbuka kupeleka tela refu magharibi, safari ya siku kadhaa, na kufika asubuhi kwenye yadi ambayo mwaka uliotangulia walinipokea kwa kahawa. Safari hii meneja alitoka nje mikono mfukoni. "Kaliweke kule nyuma kabisa," akaniambia, "na ukirudi Indiana waambie nimeshiba." Kule nyuma nilikuta matela ya modeli ya mwaka uliopita, hayajaguswa, nyasi zimepanda hadi kwenye ekseli. Zikaja wiki za kukaa Elkhart nikitazama simu. Mwaka 2023 viwanda vilipeleka RV 313,174 tu, karibu nusu ya zile za 2021. Madereva wengi waliuza pikapu zao, na walionunua kwa mkopo kipindi cha neema ndio walioumia zaidi. Mwaka 2024 idadi ilisogea hadi 333,733. Tunapumua, hatukimbii.

Wachambuzi wa uchumi wanapenda kusema kwamba Elkhart hupiga chafya kabla ya Marekani kuugua. Kwa mwaka 2008 walikuwa sahihi. Lakini 2022 na 2023 Elkhart ilipiga chafya hadi machozi, na uchumi mkubwa ukaendelea kutembea kwa miguu yake. Mimi naona watu wale walinunua mapema tu, wakati wa korona, matela ambayo wangeyanunua miaka mitatu baadaye, au ambayo wasingeyanunua kabisa.

Kilichobadilika zaidi kuliko idadi ni aina. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Upande mmoja kuna wasafiri wa kweli, na hawa wameanza kupunguza mizigo. Vani zilizojengwa juu ya Mercedes Sprinter, Ford Transit na Ram ProMaster zilikuwa kitu cha pembeni. Leo kila kampuni kubwa inazo. Mwaka 2011 kijana aitwaye Foster Huntington aliacha kazi yake New York, akaanza kupiga picha maisha ya ndani ya vani na kuzipa alama ya #vanlife, na wimbi likaanzia huko. Vani inapita kokote, inaegeshwa mbele ya duka kama gari la kawaida, haihitaji ndoano. Bei yake ndiyo kichekesho: nyingi zinapita dola 150,000, na chumba chenyewe hakizidi jiko la mama yangu. Hizi mimi sizivuti, zinaendeshwa na madereva wengine, kwa hiyo sina sababu ya kuzipendelea, lakini anayetaka kuiona nchi ndiye anayenunua hizi, au tela dogo la ekseli moja. Matela hayo madogo ya chini ya dola 20,000 yameongezeka sana tangu riba ipande. Viwanda viling'oa vikorombwezo vyote, vikaacha kitanda, jiko la macho mawili na choo. Nayavuta kwa raha, hayanywi dizeli.

Upande wa pili kuna majumba. Haya yana futi 40, milango ya vioo ya kusukuma, friji ya nyumbani, moto wa umeme unaojifanya kuni, kuta zinazochomoza nje kwa mota hadi sebule inakuwa pana kuliko ya kwangu. Hayakutengenezwa kwa ajili ya kwenda na kurudi. Yanapelekwa mara moja kwenye kiwanja cha kambi kando ya ziwa huko Michigan au Wisconsin, mwenyewe analipia nafasi kwa msimu mzima au kwa mwaka, kisha anajenga baraza la mbao mbele yake, anapanda maua, anafunika magurudumu kwa kipande cha plastiki chenye rangi ya mawe. Ukimuuliza anasafiri lini, anacheka. Kwa wanaotaka hata zaidi ya hapo kuna yale yanayoruhusiwa kufika futi za mraba 400, ambayo kisheria bado ni RV, na kwa macho ni kibanda cha likizo.

Chama cha watengenezaji kiliwahi kutoa utafiti wake mwaka 2021: kaya milioni 11.2 zina RV, wamiliki wenye umri kati ya miaka 18 na 34 wamefika asilimia 22, na matumizi ya kawaida ni siku 20 kwa mwaka. Magazeti yalikimbilia hizo habari za vijana. Mimi nilibaki kwenye siku 20. Maana yake siku 345 kitu hiki kimesimama, kinalipiwa mkopo, bima na mahali pa kuegesha. Ndiyo sababu zimeshamiri huduma za kukodishana, kama Outdoorsy na RVshare, ambako mwenye tela anampa mgeni kwa siku chache ili lisaidie kujilipia. Na kuna kitulizo cha kodi: tela likiwa na mahali pa kulala, pa kupikia na choo, mamlaka ya mapato inaweza kulihesabu kama nyumba ya pili, na riba ya mkopo wake ikatolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi. Sheria yenyewe inakubali kwamba ni nyumba.

Na kweli wapo wanaoishi humo, si kwa likizo. Kuna dada mmoja Mkenya, muuguzi wa mikataba, tulifahamiana kwenye sherehe ya Waafrika Mashariki. Wauguzi wa aina yake huenda hospitali moja kwa wiki 13, mkataba ukiisha wanahama mji. Alinunua tela lililotumika na pikapu kuukuu, na majira ya baridi yaliyopita alikuwa Iowa. Nilipita kumsalimia nikiwa narudi mtupu.

"Karibu ndani, kaka, vua viatu," akaniambia, "kapeti ndiyo hiyo moja."

Nikamuuliza kwa nini asipange chumba.

"Nani atanipangisha wiki kumi na tatu bila kunikamua? Na kila mji niombe upya, nitoe dhamana upya? Hapa nikichoka nafunga ndoano."

Alikuwa amezungushia tela chini kote mbao za povu, ameziba kwa utepe wa rangi ya fedha ili upepo usipite chini ya sakafu. Bomba la maji la nje lilikuwa na waya wa umeme wa kulipasha joto, limefungwa sponji juu yake. Hata hivyo asubuhi ile maji ya jikoni yalikuwa yameganda, akawa anapuliza bomba kwa kikaushia nywele huku uji unachemka. Mitungi miwili ya gesi ilikuwa inamwishia ndani ya wiki moja. Alikuwa anacheka, lakini mahesabu yake ya gesi yalikuwa yameandikwa ukutani kwa kalamu.

Vitu hivi havikujengwa kwa maisha hayo. Karibu na mlango wa kila tela kuna kibandiko kinachosema limefuata kanuni za RV, na kanuni hizo zinazungumzia matumizi ya muda, ya kambi na matembezi. Nyumba za kuishi zilizotengenezwa kiwandani zina kanuni zake nyingine kali zaidi, za tangu 1976. Tofauti hiyo ilionekana kwa uchungu baada ya kimbunga Katrina cha 2005. Shirika la maafa la serikali, FEMA, lilinunua matela na nyumba za kuhamishika kama 145,000 kuwahifadhi waliopoteza makazi, na watu wakaishi humo miezi na miaka. Wakaanza kuumwa vichwa, kutokwa damu puani, kukohoa. Vipimo vikaonyesha hewa ya ndani ilikuwa na formaldehaidi nyingi, ile kemikali iliyomo kwenye gundi za mbao. Ndiyo ile harufu ninayokutana nayo kila nikifungua mlango, ingawa siku hizi sheria ya mbao imekazwa. Kwa mtu anayelala humo usiku mbili na madirisha wazi, si neno. Kwa mtoto anayekulia humo ni jambo jingine.

Na katika miji kama Los Angeles utayaona mengine, ya zamani, paa limefunikwa turubai, yamepangana kwenye mitaa ya viwanda. Hayo ni makazi ya mwisho kabla ya kulala nje. Takwimu za mauzo haziyahesabu tena kwa sababu yameshauzwa mara nne, lakini ni RV zile zile zilizowahi kutoka Elkhart ziking'aa.

Kwenye ufundi, mabadiliko ya maana kwangu ni umeme. Si magari ya umeme; hayo nitayasema. Zamani friji ya tela ilikuwa ile ya kuwasha moto wa gesi ili ipoe, uvumbuzi wa wanafunzi wawili wa Kiswidi wa miaka ya 1920, Baltzar von Platen na Carl Munters. Ilikuwa ya ajabu, ila ilitaka tela lisimame sawasawa, na ilipoa polepole. Sasa betri za lithiamu na paneli za sola zimeshuka bei, na matela mengi yanakuja na friji ya kompresa ya volti 12. Mtu anaweza kukaa jangwani Arizona wiki nzima bila kuchomeka popote. Mwaka 2022 Starlink nayo ikaanza kuuza huduma yake ya setilaiti kwa wenye RV, na intaneti ikafika porini. Tangu hapo naona matela yenye meza ya ofisi mahali palipokuwa na kitanda cha mtoto.

Ama gari la umeme kuvuta tela, nina mashaka. Pikapu ya umeme ikifungwa tela refu, umbali wake hukatika nusu hivi, na vituo vingi vya kuchajia vimejengwa ili gari lisimame peke yake. Wewe mwenye tela inabidi ulifungue kwanza, uliache pembeni, uchaji, ulifunge tena. Winnebago walionyesha vani yao ya umeme Januari 2022, ya maili 125 kwa chaji. Hiyo ni kama Dar hadi Morogoro. Wapo wanaojenga matela yenye mota yake yenyewe ya kusaidia kusukuma, na hilo naona lina akili, lakini bei yake bado ni ya wachache. Kinachonisumbua mimi kwa sasa ni ushuru: mwaka 2025 ushuru wa chuma na alumini ulipandishwa hadi asilimia 25 Machi, kisha 50 Juni. Chini ya kila tela kuna chuma, na matela ya bei nzuri kuta zake zina fremu ya alumini.

Shemeji yangu wa Arusha amekuwa akinisumbua tumletee tela moja, alikodishe kwa watalii. Namjibu kila mara, "Shemeji, achana nalo." Mlango wa tela la Marekani uko kulia, upande wa ukingo wa barabara yao. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo mgeni akishuka anakanyaga katikati ya lami mbele ya basi la Mtei. Umeme wake ni volti 120. Upana ni mita 2.6. Na ukiliburuza kwenye makorongo ya kuelekea Natron, kuta zilizoshikwa kwa pini za stepla zitaachana kabla hujaliona ziwa. Soko letu limeshachagua chake: Land Cruiser na Prado zenye hema la kukunjua juu ya paa, zinazokodishwa Arusha, Nairobi, Kampala na Kigali. Gari linapanda popote, fundi yupo kila kijiji, hema likichanika linashonwa. Wamarekani wenyewe siku hizi wanazinunua hema hizo kwa wingi, shemeji ameshafika kabla yao.

Kwa ndugu mlioko huku mnaoniandikia mkitaka kununua: msinunue jipya. La miaka mitatu au minne, la mtu aliyelichukua kwenye homa ya korona na sasa anataka kuondokana na mkopo, ndilo lenye bei. Nenda siku ya mvua. Panda ngazi uangalie lami ya paa kwenye kila tundu, kisha ingia ndani ukandamize kuta kwa kidole gumba kwenye pembe na chini ya madirisha. Pakibonyea, ondoka bila kubishana bei. Halafu chuchumaa uangalie tairi. Mara nyingi utakuta zina vinyweleo vya mpira vile vya kiwandani, kwa sababu hazijatembea. Muuzaji atakuonyesha kwa furaha. Usifurahi naye. Mpira wa tela unazeeka ukiwa umesimama juani, na ndio unaopasuka kwa kasi ya maili 65 na kung'oa sakafu ya choo. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT. Namba nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zikipita miaka mitano, toa bei ya tairi nne kwenye fedha unayompa.